Nakala Mbili Tu

Mwezi Mei 1846 mabinti watatu wa mchungaji wa kijiji cha Haworth, huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, walitoa kitabu cha mashairi kwa fedha zao wenyewe. Zilichapwa nakala 1,000. Baada ya mwaka mzima zilikuwa zimenunuliwa nakala mbili. Ndiyo, ndugu msomaji, umesoma sawasawa. Si mia mbili, ni mbili.

Nimewaanzia hapo makusudi. Wengi wetu tuliosoma fasihi ya Kiingereza sekondari tuliletewa watu hawa wakiwa tayari wamekwisha kuwa masanamu. Mwalimu anaingia, anaandika ubaoni: dhamira, wahusika, mafunzo. Tunanakili. Mtihani unakuja, tunatakiwa tutoe hoja sita kwa mifano kutoka riwaya mbili, tunazitoa, tunasahau. Mimi nilitoka Kidato cha Sita nikijua mafunzo yote ya Jane Eyre bila kujua kwamba aliyeiandika alikuwa na umri wa miaka 31 ilipotoka, na kwamba muswada wake wa kwanza ulikuwa umezungushwa kwa wachapishaji mpaka karatasi ya kufungia ikajaa anwani zilizofutwa. Haya nimeyapata baadaye, maktaba, na katika vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini kando ya barabara. Nayaleta hapa kwa kuwa jarida hili linasomwa na watu wenye miswada chini ya godoro.

Tuanze na hela, maana ndiyo tunayoulizana tukikutana. Nyumba iliyokubali kuchapa yale mashairi, Aylott na Jones wa London, ilitaka kwanza ilipwe pauni 31 na shilingi 10. Ili ujue uzito wake, tazama hili: Charlotte, mkubwa wa hao watatu, mwaka 1841 alifanya kazi ya ualimu wa nyumbani kwa familia moja yenye uwezo. Mshahara wake ulikuwa pauni 20 kwa mwaka, wakimkata pauni 4 za kufuliwa nguo. Anabaki na 16. Kwa hiyo kile kitabu kiliwagharimu kiasi cha kazi yake ya miaka miwili, na hapo bado matangazo, ambayo nayo walilipia. Walizipata wapi? Mama yao mkubwa, Elizabeth Branwell, aliyekuja kuwalea baada ya mama yao kufa mwaka 1821, alifariki mwaka 1842 akawaachia urithi, karibu pauni 300 kwa kila mmoja. Wengine wangefungua duka. Wenyewe waliwaza kufungua shule hapo nyumbani, wakachapa hata matangazo yake, asije mwanafunzi hata mmoja. Ndipo wakaingia kwenye mashairi.

Nami niliwahi kupeleka riwaya yangu kwa mchapishaji mmoja hapa mjini, akaniambia nichangie nusu ya gharama ya uchapaji. Nilitoka pale nimevimba. Siku hizi nikikumbuka zile pauni 31 hasira inapungua kidogo, japo nusu yenyewe sijaipata mpaka leo.

Hata hayo mashairi nusura yasitoke. Mwaka 1845 Charlotte alikuta daftari la mdogo wake Emily, akalisoma bila ruhusa. Emily alikasirika kweli kweli. Huyu alikuwa mtu wa kimya, mtu wa mbwa wake na vilima vya nyuma ya nyumba, na alivyokuwa anaandika hakuwa anamwandikia mtu. Ilichukua muda kumtuliza na siku kadhaa zaidi kumshawishi achapishe. Anne, kitinda mimba, akatoa na yake taratibu. Wakachagua majina ya kujificha yenye herufi zao za kwanza: Currer Bell, Ellis Bell, Acton Bell. Majina hayo si ya kiume wazi wala si ya kike wazi, na walikuwa na sababu. Mwaka 1837 Charlotte alikuwa amemwandikia Robert Southey, malenga wa mfalme, kumwonyesha mashairi yake. Bwana yule alimjibu kwa adabu tu, lakini kiini cha jibu lake ni kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke. Charlotte hakuichana ile barua. Aliitunza, na juu yake akaandika kwamba iwekwe daima.

Sasa nirudi nyuma, kwenye jambo ambalo mimi kama mwandishi mchanga wa Kiafrika linanifurahisha na kunikera kwa pamoja.

Watoto wa nyumba ile walikuwa sita. Wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walipelekwa shule ya bweni ya mabinti wa wachungaji, wakarudishwa wagonjwa, wakafa wote mwaka 1825, mmoja ana miaka 11 na mwingine 10. Ukisoma habari za shule ya Lowood ndani ya Jane Eyre, uji ulioungua, baridi, yule mtoto Helen anayekufa, ujue hazikutoka hewani. Wakabaki wanne: Charlotte, mvulana Branwell, Emily na Anne. Mwaka 1826 baba yao alimletea Branwell askari wa mbao wa kuchezea, 12. Watoto wakagawana askari, wakawapa majina, wakawasafirisha kwa meli ya kufikirika. Wanakwenda wapi? Afrika, jamani! Pwani ya Guinea. Wale askari wanatua, wanajenga mji wao wa vioo, na wanapigana na Waashanti. Watoto hao walikuwa wanasoma magazeti ya baba yao, na vita vya Waingereza na Waashanti vilikuwa habari za juzi tu. Gavana wa Kiingereza, Charles MacCarthy, aliuawa katika vita hivyo mwaka 1824. Basi watoto wakachukua ramani wakagawana bara letu juu ya meza ya kulia chakula, karibu miaka 60 kabla wakubwa hawajakaa Berlin kufanya hivyo hivyo mwaka 1884.

Na ndani ya mchezo huo wakaanzisha jarida. Ndiyo, jarida la vijana kama hili! Branwell alilianzisha mwaka 1829, Charlotte akalichukua, likaitwa Young Men's Magazine. Waliliandika kwa mkono kwa herufi zilizoiga chapa, ndogo mno, katika vikaratasi vya kiasi cha kiberiti, ili liwatoshe wale askari wa mbao kulisoma. Karatasi ilikuwa ghali, wakatumia na mabaki. Toleo moja la mwaka 1830 lina maneno zaidi ya 4,000 katika kurasa kama 20. Lina hadithi, lina matangazo, kila kitu. Charlotte alikuwa na miaka 14. Mwaka 2019 toleo mojawapo liliuzwa kwenye mnada Paris kwa euro 600,000, likarudishwa Haworth kwenye nyumba yao, ambayo sasa ni makumbusho. Wahariri wa jarida hili msishtuke, tunzeni nakala.

Katika hadithi hizo yumo kijana wa Kiashanti anayeitwa Quashia Quamina, mtoto wa mfalme aliyeuawa, analelewa na Waingereza kisha anawageuka na kuwapiga vita. Charlotte anamfanya adui, mlevi, mtu wa kuogopwa. Lakini hamwachi. Anamrudia rudia miaka na miaka, kana kwamba kuna swali amemuuliza naye hajapata jibu. Nikisoma habari hizi huwa najiuliza: hawa hawakuwahi kuiona Afrika kwa macho yao, wakaiandika. Nami sijawahi kuona theluji wala vile vilima vya nyasi za zambarau wanavyoviimba, lakini vimo kichwani mwangu kuliko vilima vya mkoa wa jirani. Wao waliniota vibaya. Mimi je, nawaota vizuri?

Kuna kitu shule haikutupa kabisa, nacho ni sikio. Tulifundishwa kutafuta tamathali za semi kama mtu anayechambua mchele, shairi lenyewe hatukulisoma kwa sauti. Siku niliyosoma mashairi ya Emily kwa sauti, peke yangu, nilishtuka kwa sababu mengi nilikuwa naujua mwendo wake. Ni mwendo wa nyimbo za kanisani! Mistari minne, wa kwanza mizani 8, wa pili 6, wa tatu 8, wa nne 6, na vina vinakutana mstari wa pili na wa nne. Mama mkubwa wao alikuwa Mmethodisti, nyumba ilijaa tenzi za kanisa lao. Sisi uswahilini tuna utenzi wetu, mizani 8 kila kipande, vipande vitatu vina kina kimoja na cha nne kinabeba bahari mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba mshairi wa Kiingereza hahesabu mizani tu, anahesabu na mapigo, silabi nzito na nyepesi, kama mpiga ngoma. Aliyezoea kughani za akina Muyaka ana sikio tayari. Hahitaji kuambiwa kwamba Emily ni fundi. Atamsikia anapoacha pigo moja makusudi, na mstari unajikwaa mahali ambapo moyo wa mtu katika shairi umejikwaa. Hebu jaribu. Funga mlango tu wasikuone kichaa.

Tuje kwenye riwaya. Kitabu cha mashairi kikiwa kimelala ghalani, hawakukaa kulia. Jioni, baba yao akishalala, walikuwa na desturi ya kuizunguka meza ya kulia wakitembea, wakisomeana walichoandika siku hiyo na kukosoana. Kwa namna hiyo ziliandikwa riwaya tatu: The Professor ya Charlotte, Wuthering Heights ya Emily na Agnes Grey ya Anne. Wakazituma London pamoja. Mchapishaji aitwaye Thomas Newby akazikubali za wadogo wawili, ila walipe pauni 50. Ya Charlotte hakuitaka. Wala wengine hawakuitaka. Iliporudishwa alikuwa anafuta anwani ya zamani kwenye karatasi ile ile ya kufungia, anaandika mpya chini yake, anaituma tena, hivyo kila aliyeipokea alikuwa anaona majina ya wote waliokwisha kuikataa. Mwishowe ikafika kwa Smith, Elder na Kampuni. Nao waliikataa, lakini walimwandikia barua ndefu ya heshima yenye sababu, na kusema wangependa kuona kazi nyingine iliyo ndefu zaidi.

Kazi nyingine ilikuwa inakaribia kwisha. Alikuwa ameianza Manchester mwaka 1846, alipompeleka baba yake kuondolewa mtoto wa jicho, wakati ule bila dawa ya ganzi, mzee amefungwa macho katika chumba chenye giza na binti amekaa chumba cha pili na daftari. Agosti 24, 1847 aliutuma muswada kwa njia ya reli. Msomaji wa kampuni, William Smith Williams, akausoma, akampa bosi wake George Smith. Huyu alikuwa kijana wa miaka 23 tu, aliyerithi biashara ya baba yake. Aliushika Jumapili asubuhi baada ya chai. Alikuwa na ahadi ya kwenda kupanda farasi na rafiki, akamtumia ujumbe kuiahirisha. Chakula cha mchana akaletewa mkate mezani pale pale. Hakulala mpaka ameumaliza. Walimlipa Charlotte pauni 100 kwa kuanzia, na Oktoba hiyo hiyo Jane Eyre ikawa madukani, chini ya miezi miwili tangu ifungwe kwenye karatasi. Nani hapa kwetu amewahi kusubiri miezi miwili? Riwaya za wadogo zake, zilizotangulia kukubaliwa, Newby alizikalia hadi Desemba, alipoona jina la Bell linauza, akazitoa zimejaa makosa ya chapa ambayo wenyewe walikwisha kuyasahihisha kwenye prufu.

Kisha Newby akaanza ujanja. Akavumisha kwamba akina Bell watatu ni mtu mmoja, ili auze kitabu kipya cha Anne huko Marekani kwa jina lililovuma la Currer Bell. Smith akaandika Haworth kuuliza kulikoni. Julai 1848 Charlotte na Anne wakatembea kwa miguu hadi stesheni ya Keighley, wakapanda treni ya usiku, na asubuhi wakatokea ofisini kwa Smith, Cornhill, mabinti wawili wafupi wenye nguo za shamba. Smith anakabidhiwa barua aliyoiandika mwenyewe kwa Currer Bell. Anauliza, hii mmeipata wapi? Charlotte anamjibu kwamba aliitoa posta, ilikuwa imeandikwa kwake. Emily alikuwa amebaki nyumbani, na alichukia sana waliporudi kusikia kwamba siri yake pia imetajwa.

Sasa kuna washikaji wataniuliza: haya yote ya nini? Kwa nini kijana anayeandika Kiswahili ajisumbue na mabinti wa Kizungu wa karne ya 19, ambao wakituwaza walituwaza kama adui wa askari wa mbao? Swali halali. Mwaka 1968 pale Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati na nyingine zitazamwe kutokea hapo. Mimi ni wa waraka ule. Lakini ukiusoma, hauna amri ya kuchoma vitabu. Unauliza nani anakaa katikati. Na hapa kwetu Mwalimu Nyerere, aliyekisimamia Kiswahili kuliko mtu yeyote, ndiye aliyeketi akamtafsiri Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, yaani mara moja kabla ya waraka na mara moja baada yake.

Ukikaa mahali pako, Jane Eyre inageuka. Unaacha kumtazama Jane na Bwana Rochester wake, unatazama juu ya dari. Pale kafungiwa mke wa kwanza, Bertha, mwanamke aliyeletwa kutoka Jamaica, na fedha zilizokuja naye ni za mashamba ya kule, mashamba ya watumwa. Hapewi hata sentensi moja ya kusema katika kitabu kizima, anaunguruma tu. Uingereza ilipitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, miaka 14 kabla ya kitabu kutoka. Charlotte alijua anachokificha darini? Sidhani alijua chote. Lakini aliweka mlango, na mwaka 1966 mwandishi mwingine, Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, akaufungua kwa riwaya yake Wide Sargasso Sea, akampa yule mwanamke utoto, jina jingine na sauti. Emily naye, Heathcliff wake anaokotwa mtoto katika mitaa ya Liverpool, mweusi weusi, anaongea lugha isiyoeleweka. Liverpool ndiyo bandari iliyokuwa ikiongoza Uingereza kwa meli za watumwa. Emily haelezi zaidi. Shuleni tuliambiwa Heathcliff ni alama ya chuki. Hakuna aliyetuuliza alitoka wapi.

Mwisho wao ulikuja haraka. Haworth haikuwa mahali pa kuishi. Mkaguzi wa serikali, Benjamin Babbage, alifika mwaka 1850 kwa kuwa mchungaji Brontë mwenyewe aliomba, akakuta kijiji hakina mifereji ya maji taka, maji ya kunywa si salama, makaburi yamejaa pomoni pembeni ya nyumba za watu. Wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 25.8, na zaidi ya watoto 41 katika kila 100 walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Branwell, ambaye nyumba nzima ilimtazamia yeye awe ndiye msanii, aliyefukuzwa kazi ya ukarani wa reli mwaka 1842 kwa upungufu wa pauni 11 na kuishia kwenye pombe na kasumba, alifariki Septemba 1848. Emily akafuata Desemba 19 mwaka huo huo, ana miaka 30, amekataa daktari mpaka siku yenyewe. Anne Mei 1849. Charlotte alibaki peke yake kuizunguka ile meza usiku. Aliandika Shirley, akaandika Villette, akaolewa mwaka 1854, akafa Machi 1855. The Professor, ule muswada wa karatasi yenye anwani zilizofutwa, ulitoka mwaka 1857, kama Shaaban Robert wetu aliyefariki 1962 na Utubora Mkulima ikatoka 1968.

Na kuna hili. Katika dawati la kuandikia la Emily ilikutwa barua ya Newby ya Februari 1848 pamoja na bahasha ya jina la Ellis Bell. Newby anasema atafurahi kuipokea riwaya ijayo, na anamshauri asiharakishe kuimaliza. Hiyo riwaya haijaonekana. Labda Emily aliichoma, labda Charlotte aliichoma baada yake, labda ilikuwa kurasa chache tu. Dawati lipo, barua ipo, na kwa zaidi ya miaka 170 watu wamekuwa wakipekua.